Kiti kwanza: namna ya kupanga vidhibiti vya ndege unayoijenga mwenyewe

Ndege yangu ya kwanza niliipima nikiwa nimevaa kaptura na ndala. Nilikaa juu ya ubao mtupu, nikashika fimbo ya usukani, nikaizungusha pande zote, nikaridhika, nikachomelea. Miezi kadhaa baadaye nilikaa tena, safari hii nikiwa na mto wa kiti, mikanda, suruali nzito na koti lenye mifuko. Nikavuta fimbo nyuma, nikailaza kushoto. Ikagonga paja, ikakwama. Eleroni, vile vibao vya mabawani vinavyoilaza ndege kushoto au kulia, zilikuwa bado zimebakiza kama theluthi ya mwendo wake. Nilishika msumeno, nikakata kazi ya wiki mbili, nikaanza upya.

Fimbo yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kufunga vidhibiti kabla sijajua mwili wangu utakaa wapi hasa. Tangu siku hiyo nafuata mpangilio mmoja, na ndio nitakaoueleza hapa: jicho, nyonga, miguu, kisha mikono. Ukianza na mikono, kama wengi tunavyofanya kwa sababu fimbo ndiyo inayovutia, utajikuta unaukunja mwili ufuate vyuma.

Neno moja kabla ya kuanza. Kama unajenga kwa michoro ya mtu, usihamishe kitu chochote kinachobeba nguvu bila kumuuliza aliyeichora. Hata hivyo, michoro mizuri hukuachia mengi ya kuamua: unene wa mto, mlalo wa mgongo, umbali wa pedali, umbo la mpini, mahali pa swichi. Humo ndimo raha au mateso ya saa tatu angani yanapopatikana.

Hatua ya 1: Jipime wewe, si mtu wa wastani

Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani wake zaidi ya elfu nne, likitaka kurekebisha vyumba vya rubani. Luteni mmoja, Gilbert Daniels, alichukua vipimo 10 muhimu, kimo, kifua, urefu wa mkono na kadhalika, akatafuta ni marubani wangapi kati ya 4,063 wanaoangukia kwenye wastani wa vipimo vyote kumi. Hakupata hata mmoja. Mwenye kimo cha kati ana mikono mirefu, mwenye mikono ya kati ana mapaja mafupi. Chumba kilichoshonwa kwa ajili ya mtu wa wastani kilikuwa hakimkai mtu yeyote.

Wewe una bahati ambayo kiwanda hakina: unamjua rubani. Kaa sakafuni, mgongo na makalio vimegusa ukuta, mwenzako ashike futi. Chukua urefu kutoka sakafuni hadi jichoni, hadi utosini na hadi begani. Kutoka ukutani hadi mbele ya goti. Kutoka goti hadi kisigino ukiwa na viatu vya kurukia. Na kutoka ukutani hadi katikati ya ngumi ukiwa umenyoosha mkono. Pima pia upana wa mabega na wa nyonga. Kama mwenzi wako au rafiki ataruka nayo, mpime naye. Namba hizi ziandike kwa kalamu nzito kwenye ubao utakaoutumia hatua inayofuata, maana karatasi hupotea.

Hatua ya 2: Jenga chumba cha bandia

Plaiwudi ya bei rahisi, mbao chakavu, maboksi, skrubu. Usitumie gundi, utabomoa na kujenga mara nyingi. Unahitaji sakafu, ubao wa kiti, ubao wa mgongo, kuta mbili za pembeni zenye upana halisi wa ndani, dashibodi, na upinde wa waya au mbao unaoonyesha kimo cha kifuniko cha kioo. Mpini wa ufagio unatosha kuwa fimbo ya usukani, mradi egemeo lake la chini liwe mahali pake halisi.

Najua hatua hii inakera. Unataka kushika alumini, si maboksi. Lakini siku mbili za maboksi ndizo zilizoniokoa na msumeno kwenye ndege ya pili.

Hatua ya 3: Jicho na nyonga

Weka mto utakaoutumia kweli, si blanketi lililokunjwa. Kisha kaa nusu saa. Sponji hushuka polepole chini ya uzito na joto la mwili, na jicho lililokuwa juu ya ukingo wa dashibodi linaweza kuzama chini yake. Pima kimo cha jicho baada ya sponji kutulia.

Kuhusu sponji yenyewe, ulaini si sifa. Ndege ikipiga ardhi kwa nguvu, kiti husimama lakini mwili huendelea kushuka kupitia ile sponji laini, halafu hugonga ubao wa chini kwa kishindo kikubwa kuliko kama sponji isingekuwepo. Anayeumia ni uti wa mgongo. Tafuta sponji nzito inayonyumbuka taratibu, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole shimo hubaki kidogo kabla ya kujaa.

Jicho likishatulia, angalia mambo mawili. Mbele, je, unaona juu ya pua ya ndege vya kutosha kutua? Juu, ukiwa na hedifoni kichwani, je, kuna nafasi ya upana wa vidole vinne hadi kwenye kioo? Kwenye hewa yenye misukosuko mikanda hulegea, nawe utarushwa juu. Kama hakuna nafasi, laza mgongo wa kiti kidogo kabla ya kufikiria kushusha ubao wa chini, kwa sababu chini ya ubao huo mara nyingi hupita nyaya na mirija ya vidhibiti.

Sasa weka alama ya mahali kiungo cha nyonga kilipo kwenye ukuta wa pembeni. Vipimo vyote vilivyobaki vitaanzia hapo. Ukiisogeza alama hiyo baadaye, hata kwa sentimita tano, kumbuka kwamba umesogeza pia uzito wa mtu mzima, na hesabu ya kitovu cha uzito lazima irudiwe.

Hatua ya 4: Miguu

Kisigino kikae sakafuni, sehemu ya mbele ya wayo iguse pedali, goti liwe limekunjika kwa namna ambayo ungeweza kukaa hivyo ukitazama mpira mpaka mwisho. Kisha sukuma pedali moja hadi mwisho kabisa. Goti la mguu huo lisinyooke moja kwa moja. Ukilazimika kuteleza kwenye kiti ili uifikie, pedali iko mbali.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mtego ulipo. Tazama mguu wa pili. Pedali ya kushoto ikienda mbele, ya kulia inarudi nyuma, na goti la kulia linapanda. Linapanda wapi? Mara nyingi kwenye ukingo wa chini wa dashibodi, au kwenye njia ya fimbo. Jaribu michanganyiko yote: pedali ya kushoto hadi mwisho na fimbo kulia hadi mwisho, mbele na nyuma, kisha kinyume chake. Huo ndio mkao wa kutua kwenye upepo wa ubavuni, wakati usiotaka kugundua kwamba goti lako na fimbo vinagombania nafasi moja.

Breki za vidole zina tabia yake. Kibao cha breki kikilala sana kuelekea kwako, kila ukisukuma usukani wa mkia unafunga breki bila kukusudia. Kikilala sana mbele, utalazimika kunyoosha kifundo cha mguu hadi misuli ya shavu la mguu ikaze. Fanya pembe iweze kurekebishwa, jaribu na viatu halisi, na hakikisha soli haiwezi kunasa kati ya pedali na ukuta. Mbunifu wa ndege Mmarekani Burt Rutan, kwenye Long-EZ, ndege yake ndogo ya kujijengea, alilikwepa tatizo lote hilo kwa ujanja: kila pedali inajitegemea, ukiisukuma inageuza usukani wa upande wake, na ukiendelea kusukuma kupita mwisho wa usukani ndipo breki inashika.

Usidharau nguvu ya mguu. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani za ndege ndogo zilitaka mfumo wa pedali uhimili msukumo wa ratili 200, karibu kilo 90, kwa mguu wa rubani. Mtu aliyeogopa husukuma hivyo kweli. Kwa hiyo pedali zako za kupendeza zilizoshikwa na skrubu mbili kwenye plaiwudi nyembamba hazitoshi.

Kama watu wa vimo tofauti watarusha ndege hiyo, fanya pedali zisogee badala ya kiti. Kiti kikibaki palepale, jicho linabaki mahali pake na kitovu cha uzito hakisogei sana. Na kama lazima kiti kiteleze, weka pini mbili, kila upande moja, zinazoingia zenyewe kwenye tundu. Kiti kikiteleza nyuma wakati wa kupaa, mkono ulioshika fimbo unakwenda nacho, pua inainuka, na chini hakuna kimo cha kurekebisha kosa.

Hatua ya 5: Fimbo ya usukani

Funga mikanda yote, ya begani ikazwe kama ya kupaa. Mkono ukilala juu ya paja, ngumi inapaswa kuikuta fimbo ikiwa katikati ya mwendo wake, kiwiko kikiwa kimekunjika. Kulaza mkono pajani si uvivu. Hewa ikitikisa ndege, mkono unaoning'inia hutikisika nao, fimbo hutikisika, na rubani huanza kukimbizana na mitikisiko aliyoisababisha mwenyewe.

Sukuma fimbo mbele hadi mwisho. Bega likitoka kwenye kiti, fimbo iko mbali. Vuta nyuma hadi mwisho, kisha ilaze kila upande. Ikigonga tumbo, paja au ukingo wa kiti, una njia tatu, nazo hazilingani.

Ya kwanza, inayomjia kila mtu, ni kuikata fimbo iwe fupi. Fanya hesabu kabla ya kukata. Tuseme kutoka egemeo hadi ngumi ni sentimita 50, ukakata 10. Mwendo wa mkono umepungua kwa asilimia 20, lakini nguvu unayohitaji imeongezeka kwa asilimia 25: palipotaka kilo 4 sasa panataka 5. Na kwa kuwa mkono unasafiri kidogo kwa kazi ileile, kila sentimita ya kosa inageuza eleroni na elevata (kibao cha kupandisha na kushusha pua) zaidi. Fimbo imekuwa nzito na kali kwa pamoja. Kwenye ndege yenye elevata nyepesi hilo ni balaa.

Ya pili ni kuikunja: inyanyuke kutoka egemeo, iiname mbele kuukwepa ukingo wa kiti, halafu irudi kwenye ngumi. Umbali wa moja kwa moja kutoka egemeo hadi ngumi unabaki uleule, kwa hiyo nguvu hazibadiliki. Hii ndiyo ninayoipenda. Tumia bomba lenye ukuta mnene kuliko ulilokusudia, na ulikunje kwa mashine ya kukunjia ili lisibonyee.

Ya tatu ni kuhamishia fimbo ubavuni, kama Rutan alivyofanya kwenye VariEze, ndege yake nyingine, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975. Hapo mkono mzima unaegemea kitu na kazi inafanywa na kiganja. Ni raha sana kwenye safari ndefu, mradi nguvu za vidhibiti ni ndogo na kuna egemeo zuri la mkono. Ila hesabu gharama yake: mkono wa kulia umefungwa kwenye fimbo, na kila kitu kingine ndani ya ndege sasa ni cha mkono wa kushoto.

Hatua ya 6: Throto na jamaa zake

Throto ni mkono wa nguvu ya injini: kuiongeza ni kusukuma mbele. Mchanganyiko wa hewa na mafuta, kuuongezea mafuta ni mbele. Flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, mkono wake ukishuka nazo zinashuka. Usibuni mwelekeo wako mwenyewe hata kama ungerahisisha kupitisha waya. Siku ya hofu mkono hufuata mazoea, hausomi kibandiko.

Maumbo pia yana maana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliitwa kuchunguza kwa nini marubani wa B-17, ndege za kurusha mabomu, baada ya kutua salama, walikuwa wakikunja magurudumu badala ya flapu. Alikuta swichi mbili zinazofanana, jirani. Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira cha duara kwenye mkono wa magurudumu na kipande chenye umbo la kabari kwenye ule wa flapu, na mpaka leo ndege hutengenezwa hivyo: gurudumu kwa magurudumu, bawa kwa flapu. Fuata utaratibu huo. Mpini wa throto uwe laini, wa mchanganyiko uwe mwekundu wenye meno, na kati ya mmoja na mwingine vidole vyenye glavu vipite bila kugusa jirani.

Nyaya za kusukuma na kuvuta zinachukia kona kali. Ukiona throto ni nzito, usikimbilie kubadilisha waya; fuata njia yake kwanza, utakuta mahali ulipoulazimisha.

Hatua ya 7: Valvu ya mafuta

Hapa nitakaa kidogo. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alianguka na Long-EZ kwenye Ghuba ya Monterey, California, akafa. Hakuwa ameijenga, aliinunua ikiwa tayari imejengwa na mtu mwingine. Michoro iliweka valvu ya kuchagua tangi mbele, kati ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege ile aliipeleka nyuma ya bega la kushoto. Ili kuigeuza, rubani alipaswa kuachia fimbo iliyo kulia kwake na kujipinda kushoto mwili mzima ili mkono wa kulia uifikie. Mpini wake ulikuwa mgumu kugeuka na haukuwa na alama. Wachunguzi walipojaribu wenyewe mkao ule, waliona kwamba mwili ukijipinda hivyo mguu wa kulia hutafuta pa kujikazia, na pa kujikazia ni pedali ya kulia, hivyo ndege inageuka bila rubani kukusudia. Tena Denver alikuwa ameweka mto mgongoni ili azifikie pedali.

Tazama makosa hayo moja moja na hakuna hata moja linalotisha. Mto mgongoni, valvu ngumu kidogo, mpini uliohamishwa. Yote ni mambo ya starehe.

Kwa hiyo valvu iwe mahali ambapo jicho linaiona na mkono usioshika fimbo unaifikia bila bega kuondoka kwenye kiti. Ncha yake ielekee upande wa tangi linalotumika. Kila kituo kiwe na mlio au mshiko unaousikia kidoleni. Kufunga kabisa kuwe na kizuizi kidogo, ili usifunge kwa bahati mbaya. Ukihitaji koleo kuigeuza, ndege hiyo haiko tayari kuruka.

Hatua ya 8: Vidogo vidogo

Trimu, inayoshikilia fimbo mahali pake ili mkono usichoke, iwe karibu na mkono wa throto, na ikiwa ya umeme iwe na swichi ya kuikata. Komeo la kifuniko lifikiwe kwa mkono wowote, lisinase mkono wa koti, na mtu wa nje aweze kulifungua. Kitufe cha redio kwenye mpini ni kizuri, ila waya wake uache mkunjo wa kutosha chini ya fimbo na upite kwenye mpira, si kwenye ukingo mkali wa bati. Dira ya sumaku iweke mbali na fimbo za chuma na spika. Chini ya fimbo funga kifuniko cha ngozi au turubai kinachoziba tundu lake. Kalamu iliyoanguka humo inaweza kufunga elevata.

Hatua ya 9: Pima nguvu

Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Kanuni zile zile za Marekani ziliweka mipaka ya nguvu ambayo rubani anaweza kuombwa kwa muda mrefu: ratili 10 mbele na nyuma, karibu kilo 4.5, ratili 5 kushoto na kulia, karibu kilo 2.3, na ratili 20 kwenye pedali, karibu kilo 9. Hizo ni nguvu za angani, kwa hiyo chini hutazipima zote. Unachoweza kupima chini ni msuguano: vuta fimbo taratibu kwa mizani na usome inapoanza tu kusogea. Msuguano mkubwa unaficha hisia ya hewa, na fimbo isiyorudi yenyewe katikati inamchosha rubani bila yeye kujua kwa nini.

Unapofunga vya kudumu, kila nati ya mfumo wa usukani iwe na pini au waya wa kuizuia isifunguke, kila kichwa cha rodi kiwe na washa (pete bapa ya chuma) pana upande wa nje ili beringi ikipasuka rodi isichomoke, na uzi wa skrubu uwe umepita kitundu cha ukaguzi. Kisha mtu asimame nje, nawe ulaze fimbo kulia: eleroni ya kulia ipande. Usiseme "najua niliunganisha sawa." Nyaya zilizofungwa kinyume zimeua marubani wenye uzoefu kuliko wewe na mimi.

Hatua ya 10: Mtihani wa kitambaa

Vaa kila kitu utakachoruka nacho, hadi ramani kwenye goti. Funga mikanda, ikaze. Kaa saa nzima. Soma, sikiliza redio, fanya lolote. Ganzi mguuni au kiwiko kinachochubuka kwenye ukingo ni taarifa, iandike.

Baada ya saa hiyo jifunge kitambaa machoni, mwenzako akae nje na orodha. Aite bila mpangilio: "Funga mafuta!" "Flapu juu!" "Zima cheche za injini!" "Fungua kifuniko!" Mkono wako wa kulia usitoke kwenye fimbo. Naye aangalie fimbo, asiangalie mkono unaotafuta. Kila fimbo inaposogea bila kukusudia, aseme.

Kwenye ndege yangu ya pili fimbo ilisogea mara moja tu, nilipotafuta trimu. Ilikuwa sentimita sita nyuma ya mahali mkono ulipoitarajia. Niliihamisha kwenye plaiwudi kwa skrubu mbili, tukarudia, fimbo ikatulia. Plaiwudi hiyo bado ninayo, imeegemezwa ukutani na namba zake za kalamu nzito, na sitaibomoa mpaka ndege imalize saa zake za majaribio.